Mamba, kuku na mashtaka ya shangazi yangu

Mazungumzo ya wiki hii nayaanzia nyumbani kwetu Tabora, chini ya miembe ile ambayo wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Chini ya mwembe mmojawapo, nikiwa darasa la nne, nilimwona shangazi yangu akihukumiwa.

Shangazi alikuwa ameolewa upande wa Urambo. Alikuwa amezaa watoto watano, wote wasichana, wote wazima. Siku hiyo alirudishwa nyumbani kwa baiskeli, sanduku lake la bati limefungwa nyuma kwa kamba ya katani, mtoto wa mwisho mgongoni. Mshenga wa upande wa mume alizungumza kwa adabu sana. Alisema hawana ugomvi na binti yetu. Anapika, analima, anaheshimu wakwe. Ila tumbo lake halijui kuleta mtoto wa kiume, na ndugu yao anataka mrithi wa jina. Wazee wetu walinyamaza. Babu aliuliza jambo moja tu: mahari itakayorudi ni kiasi gani? Hakuna aliyeuliza kama mashtaka yenyewe yalikuwa ya kweli.

Nimeyakumbuka hayo hivi karibuni nikiwa ndani ya treni ya reli ya kati kwenda Kigoma, kutayarisha vipindi juu ya njia ya zamani ya misafara. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inafuata karibu nyayo zilezile za wapagazi wa Kinyamwezi. Nilishuka Malagarasi. Mto ule uliwatisha wasafiri wa zamani kuliko hongo za watemi. Mwaka 1871, Stanley akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alishuhudia punda wake, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amepewa jina la Simba, akikamatwa shingoni na mamba wakati akivushwa. Simba akaliwa na mamba. Watani zangu Wazaramo hilo watalipatia maneno yao.

Nilipokuwa pale mtoni mvuvi mmoja mzee aliniuliza: "Ninyi watu wa redio mnajua kila kitu. Mamba dume na mamba jike utawatambuaje?" Nikajibu kwamba sijui. Akacheka. "Hata sisi hatujui. Tukimwona mkubwa tunasema huyo dume, basi."

Niliporudi nilianza kusoma na kuwauliza walimu wa baiolojia. Jibu la swali la mvuvi nililipata upesi: mkubwa mno huwa dume kweli, lakini kwa mamba wa kawaida hakuna alama ya nje ya kutegemea, ni lazima akamatwe na kupimwa. Lakini swali hilo lilinifungulia jingine kubwa zaidi. Ni nani, au ni kitu gani, kinachoamua kiumbe awe wa kiume au wa kike? Nikagundua kwamba majibu ni zaidi ya moja, na kwamba kesi ya shangazi yangu iliamuliwa kwa sheria ya mnyama mwingine kabisa.

Nyumba tatu, desturi tatu

Tuanze na nyumba ya binadamu. Katika kila chembe ya mwili wetu mna nyuzi ndogo mno zinazoitwa kromosomu, ambazo zimebeba maagizo ya kuujenga mwili. Mwanamke ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, nazo wataalamu wameziita X na X. Mwanamume anazo mbili tofauti, X na Y. Yai la mama siku zote hubeba X. Mbegu ya baba hubeba ama X ama Y. Ikitangulia yenye X, mtoto ni wa kike. Ikitangulia yenye Y, mtoto ni wa kiume.

Siri ya kromosomu hizo ilianza kufunuliwa mwaka 1905 na mwanamke wa Kimarekani, Nettie Stevens, aliyekuwa akichunguza wale wadudu wanaoharibu unga na nafaka ghalani. Miaka 85 baadaye, mwaka 1990, wataalamu wa Uingereza wakaipata ndani ya kromosomu Y jeni yenyewe inayotoa amri ya kuanza kuumba mwili wa kiume. Wakaipa jina la SRY.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, shangazi hakuwa na Y ya kutoa. Hata angetaka vipi, hata angefunga na kuomba usiku na mchana, mfukoni mwake hamkuwa na sarafu hiyo. Alishtakiwa kwa kutokulipa deni la fedha ambayo hakupata kuimiliki.

Nyumba ya pili ni banda la kuku. Huko mambo ni kinyume chake. Jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, zinazoitwa Z na Z. Tetea ndiye mwenye aina mbili, Z na W. Mbegu za jogoo zote ni za namna moja. Yai la tetea ndilo linaloamua kama kifaranga atakuwa jogoo au tetea. Kama mashtaka ya shangazi yangepelekwa mbele ya baraza la kuku, yangekuwa na msingi angalau kidogo. Ndege wote ndivyo walivyo, tangu njiwa hadi mbuni.

Nyumba ya tatu ni ile ya mvuvi wangu wa Malagarasi. Mamba hana X wala Y, hana Z wala W. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya kusoma vinasaba vya mamba wa aina tatu, na humo kromosomu ya jinsia haikuonekana. Yai la mamba linapotagwa halina jinsia iliyokwisha kupangwa. Anayepanga ni mchanga.

Mamba jike huchimba shimo kwenye ukingo wa mto, akataga mayai yapatayo 50, akayafukia, akakaa karibu kuyalinda kwa muda wa karibu miezi mitatu. Katika theluthi ya kati ya muda huo, joto la mchanga ndilo linalotoa hukumu. Uchunguzi uliofanywa Zimbabwe na Jon Hutton, ukachapishwa mwaka 1987, pamoja na mwingine uliofuata, ulionyesha hali ilivyo kwa mamba wetu wa Nile: mayai yakikaa kwenye nyuzi joto 28 hadi 31 hivi, hutoka majike. Yakikaa karibu na nyuzi 32 au 33, hutoka madume wengi. Joto likizidi tena, majike huanza kurudi, na likipita kiasi mayai hufa. Tofauti ya nyuzi moja au mbili tu, ile ambayo wewe na mimi tungeiona kuwa ni wingu lililopita juu ya jua, yatosha kugeuza shimo zima.

Joto hufanyaje kazi hiyo? Ndani ya yai kuna kimeng'enya ambacho huigeuza homoni ya kiume kuwa homoni ya kike. Joto la mayai huamua kama kimeng'enya hicho kitatengenezwa kwa wingi au kwa uchache. Kikiwa kingi, tezi za uzazi zinaelekea kuwa za kike. Kikiwa kichache, zinaelekea kuwa za kiume. Njia ikishashikwa, hairudi nyuma.

Jambo hili la joto kwa mara ya kwanza lilionekana hapahapa Afrika. Mwaka 1966, mjini Dakar, Senegal, mtafiti aitwaye Madeleine Charnier alikuwa akiangua mayai ya wale mijusi wa ukutani ambao dume lake lina kichwa chekundu na hutikisa kichwa kama anayekubali kila neno. Mayai yaliyokaa penye ubaridi yalitoa karibu majike watupu. Yaliyokaa penye joto yalitoa madume. Taarifa yake haikupewa uzito kwa miaka kadhaa. Baadaye ndipo ilipothibitika kwa kobe, kwa kasa wa baharini na kwa mamba wote waliochunguzwa.

Nani kasema mamba ni ndugu wa kuku?

Hapa najua kuna msikilizaji atakayenikatiza. Mbona nimewaweka mamba na kuku jirani? Mamba si ndugu yake kenge na mjusi? Ukiwatazama kwa macho, ndiyo. Lakini macho hudanganya, na hapa ndipo ilipo kazi ya wataalamu wanaochora mti wa ukoo wa viumbe.

Njia yao si ngeni kwa mwalimu yeyote. Chukua mfano wa mwalimu anayesahihisha mtihani wa historia. Wanafunzi 30 wameandika kwamba Mirambo alikuwa mtawala wa Wanyamwezi. Je, wamenakiliana? La hasha, hilo ni jibu sahihi na kila aliyesoma atalipata. Lakini wanafunzi watatu wakiandika kwamba Mirambo alizaliwa Bagamoyo, mwalimu atatabasamu. Kosa la pamoja ndilo linalofichua nani alikaa karibu na nani.

Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu, aliiweka kanuni hiyo kwenye kitabu mwaka 1950. Ukitaka kujua undugu wa viumbe, usihesabu vitu vya zamani ambavyo wote wamevirithi; tafuta mabadiliko mapya ambayo baadhi yao tu wanashirikiana. Magamba ya mamba na ya kenge ni kama lile jibu sahihi: ni urithi wa zamani, hauthibitishi ukaribu. Lakini mamba, kama kuku, ana moyo wenye vyumba vinne vilivyokamilika, ambapo moyo wa kenge na mjusi haukugawanyika hivyo. Mamba jike, kama kuku, hulinda mayai yake, huitikia sauti za watoto wanaolia ndani ya mayai, akafukua shimo na kuwabeba mdomoni hadi majini.

Kuna mjanja atakayesema, mbona hata binadamu ana moyo wa vyumba vinne? Kweli. Hata darasani wanafunzi wawili wanaweza kukosea kosa moja bila kuonana. Ndiyo maana wataalamu hawategemei alama moja. Huzipanga nyingi pamoja, na siku hizi huongeza maelfu kwa maelfu ya herufi za vinasaba, ambazo nazo hunakiliwa toka mzazi hadi mtoto pamoja na makosa yake. Kompyuta huulizwa: ni mti gani wa ukoo unaoyaeleza makosa haya yote kwa unyoofu zaidi? Jibu limekuwa moja. Katika viumbe walio hai leo, ndugu wa karibu kabisa wa mamba ni ndege. Babu yao wa pamoja aliishi yapata miaka milioni 240 iliyopita.

Njia hiyohiyo imetuonyesha mengine. Kwa muda mrefu mamba wote wakubwa wa Afrika waliitwa mamba wa Nile. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha vinasaba vya mamba wa sehemu mbalimbali za bara hili, pamoja na vya mamba waliokaushwa na makuhani wa Misri ya kale. Wakakuta ni aina mbili. Ajabu ni kwamba mamba wa upande wetu wa mashariki ana undugu wa karibu zaidi na mamba wa Marekani, ng'ambo ya bahari, kuliko na mwenzake wa Afrika Magharibi. Mfaransa Geoffroy Saint-Hilaire alikuwa amekwisha kumpa yule wa pili jina lake mwaka 1807, lakini wengi hawakumsadiki.

Sasa utaona faida ya mti huo. Mamba hutegemea joto, ndege hutegemea kromosomu, nao ni watoto wa babu mmoja. Kwa hiyo desturi ya nyumba imewahi kubadilika katika tawi moja au jingine. Nyoka hutegemea kromosomu. Kobe wengi hutegemea joto. Mijusi wamechanganyika. Mwaka 2015 wataalamu wa Australia walieleza habari za mjusi mmoja wa jangwani kwao mwenye kromosomu kama za kuku, lakini joto likizidi, wale waliopaswa kuwa madume huanguliwa wakiwa majike, tena majike wanaotaga. Watoto wao hawana kromosomu ya kike kabisa. Kwao joto ndilo linaloamua. Desturi ya nyumba ilibadilika kwa kizazi kimoja.

Kwa nini mnyama akubali kuachia jua jambo kubwa namna hii? Mwaka 1977 Eric Charnov na James Bull walitoa hoja kwamba hali hiyo ina faida pale ambapo joto fulani humfaa dume na jingine humfaa jike. Hoja ilikaa miaka 30 bila ushahidi wa kuridhisha. Mwaka 2008 Daniel Warner na Richard Shine, huko Australia, wakawaangua mijusi na kuwapa baadhi ya mayai dawa ya kuzuia homoni ili wapate madume hata kwenye joto la majike. Kisha wakahesabu uzao. Madume walioanguliwa kwenye joto lao la kawaida waliwashinda kwa watoto wale walioanguliwa kwenye joto la majike. Kumbe mchanga hauamui ovyo.

Kivuli kikiondoka

Lakini mpango uliotulia kwa mamilioni ya miaka unaweza kuvurugwa upesi. Kule ziwa la St Lucia, Afrika Kusini, magugu ya kigeni yaliota kwenye kingo ambako mamba hutaga. Watafiti walipopima, mwaka 2001 wakaandika kwamba mchanga wa chini ya magugu hayo ulikuwa na ubaridi kuliko mchanga wa juani kwa nyuzi kadhaa, kiasi cha kuelekeza mayai yote kwenye majike, na mizizi ilizuia hata kuchimba mashimo. Huko kivuli kilizidi. Kwetu wasiwasi ni kivuli kupungua. Sisi watu wa Tabora tunajua kuni zinazoingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku zinatoka wapi. Mti wa ukingoni ukikatwa, si mvua wala nyuki pekee wanaoathirika. Mchanga uliokuwa kivulini unakuwa juani.

Na mwanzoni mwa njia ya misafara, kule pwani, si mbali na Bagamoyo, kasa hutaga katika ufuko wa Madete, ndani ya hifadhi ya Saadani. Kwa kasa, joto huzaa majike. Mwaka 2018 watafiti wa Australia waliripoti kwamba kati ya kasa wachanga waliotoka kwenye fukwe za joto za kaskazini ya Great Barrier Reef, zaidi ya 99 katika kila 100 walikuwa majike. Kasa huishi miaka mingi, kwa hiyo upungufu wa madume hauonekani leo. Utaonekana wakati wajukuu wetu watakapouliza kulikoni.

Najua mamba si mnyama wa kupendwa. Amewapokonya watu wa Ugalla na Malagarasi watoto, mifugo na mikono. Sisemi tumkaribishe kisimani. Nasema tuache miti ya kingo za mito ilivyo, kwa ajili yetu kwanza, na huyo jirani mbaya naye atapata haki yake.

Turudi chini ya mwembe

Nimalizie pale nilipoanzia. Yule mume wa shangazi alioa tena, na mke wa pili akamzalia wavulana wawili. Pale mtaani watu walisema, mmeona? Hata mimi kwa miaka mingi nilidhani huo ni ushahidi. Leo najua si ushahidi. Kila mimba ni kama kurusha sarafu, karibu nusu kwa nusu, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Katika kila familia 32 zenye watoto watano, kwa wastani moja itakuwa na wasichana watupu na nyingine wavulana watupu, bila mtu yeyote kukosea. Shangazi aliangukia kwenye moja.

Naomba tuelewane. Sikuyasema haya ili tumwondoe mama kizimbani na kumpandisha baba. Mbegu ni yake, lakini hachagui ipi itangulie. Hapo hakuna mshtakiwa. Mganga anayeuza dawa ya kupata mtoto wa kiume anauza sarafu ileile: nusu ya wateja watarudi kumshukuru, na nusu nyingine wataona aibu kusema.

Tena hoja ya mrithi wa jina nayo ina nyufa. Unyanyembe yetu yenyewe, baada ya Mtemi Isike kujilipua kwa baruti mwaka 1893 kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani, ilitawaliwa na mwanamke, Nyaso. Na shangazi yangu, alipotangulia mbele ya haki, aliuguzwa na kuzikwa na mabinti zake wote watano. Mmoja wao ni mwalimu wa sekondari. Anafundisha baiolojia, na ndiye aliyenisahihishia mazungumzo haya kabla sijayasoma redioni. Pale nilipoandika kwamba mama yake "alishindwa" kuzaa mtoto wa kiume, alilipigia neno hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Hakushindwa. Hakuulizwa."